Mkono wa Mwavita na Mbabula ya Nyota

Ninyi vijana mnaozunguka Kasongo na paneli za jua nyuma ya pikipiki, nina shauri moja la kuwapa, nalo sikulipata shuleni. Mkiitwa kwenye nyumba ya watu mkaangalie kwa nini moto wao unaisha haraka, msile kuku kabla ya kusema ukweli. Kuku akishapita, ukweli hukwama. Mimi somo hili nililimeza pamoja na firigisi, na nitawaeleza ilivyokuwa. Mnivumilie tu nikipaza sauti na kurudia maneno, maana nimegonga mabati miaka mingi, na mtu aliyefanya kazi ile hudhani wote ni viziwi kama yeye.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza mbabula, jiko la makaa. Sasa magoti yamekataa kuchuchumaa na nimeacha, lakini bado nikiingia uani mwa mtu, jicho linakwenda kwanza kwenye mbabula, ndipo linamtafuta mwenye nyumba. Mnaijua ilivyo: pipa la zamani linakatwa, linakunjwa, linatiwa kitako chenye matundu, mlango mdogo wa majivu chini, na masikio matatu juu ya kushika sufuria. Ni kitu kidogo. Lakini katika mji ambao chakula karibu chote kinaivishwa kwa makala, haya makaa ya miti, kitu hicho kidogo ndicho kinachoamua kama gunia litafika mwisho wa mwezi au litafia njiani.

Na katika miaka yangu yote, jambo moja halikubadilika. Nyumba ikila makala kupita kiasi, wenyewe huwa wanajua sababu tayari. Hawakuiti uwaambie. Wanakuita ukubali.

Mwalimu mmoja wa shule alinipeleka jikoni kwake akanionyesha juu kwa kidole. "Fundi, iko bati," alisema. "Wakati tulikuwa na nyasi, makala ilikuwa inatosha. Tangu niliweka bati, moto yote inapanda, bati inainyonya."

Nilitazama juu, nikatikisa kichwa kama daktari. Nikamshauri aweke dari ya matete. Akaweka, na ninamshukuru Mungu hadi leo kwamba haikuwaka. Makala yakaendelea kwisha vilevile, ila jikoni kukawa na ubaridi mzuri, na mwalimu akawa ananisalimia kwa heshima kila tulipokutana sokoni.

Mama Feza, mke wa katekista, yeye alikuwa na sababu nyingine. Mnajua desturi yetu ya asubuhi: aliyeamka na jiko lililozimika huenda kwa jirani na kigae, anaomba kaa moja la moto, anarudi mbio kabla halijafa. Mama Feza alikuwa na jirani aliyeomba moto kila siku. "Ile mama haombi moto," aliniambia. "Anabeba nguvu ya makala yangu. Yenye inabaki ndani ya mbabula, iko mufupa tu."

Hapo fundi mwenye akili angecheka. Mimi nilishika kidevu. Nikamwambia awe anampa kaa la pembeni, asimpe la katikati. Jirani akaona anapewa moto wa pembeni, akauliza kwa nini, akaambiwa, na wale wanawake wawili hawakusemezana kiangazi kizima. Kosa lile linaniuma hata sasa, maana walikuwa wamelea watoto wao pamoja.

Sasa niwaulize ninyi wenye kusoma: nyumba ya mwalimu na nyumba ya Mama Feza zilikuwa na kitu gani kimoja? Si bati, maana Mama Feza alikuwa bado na nyasi. Si jirani, maana mwalimu alikaa peke yake karibu na shule. Zote mbili zilikuwa zimenunua mbabula kwangu.

Lakini nyani haoni kundule. Ngoja nirudi nyuma kidogo niwaambie nilivyoharibika.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kalonda, Mkristo wa familia ya wakulima, mfupi, mwenye maneno machache na kikohozi kirefu. Mimi ni mtoto wa Kiislamu wa hapa mjini, na baba alitaka nikae dukani na chumvi yake. Nilipomwambia ninakwenda kwa Kalonda kujifunza kupiga pipa, alisema sawa, ila nisije nikarudi na zile kelele nyumbani.

Mzee Kalonda alikuwa na msumari mmoja wa kutobolea kitako cha mbabula. Mmoja tu, kwa mbabula zote. Ukiota unene kwa kugongwa, aliunoa ukawa mwembamba tena. Alitoboa matundu madogo, yenye kulingana, kisha akatia makala yenye moto, akainamisha kichwa kusikiliza. Siku ya kwanza nilidhani anasali.

"Amisi," aliniambia, "mbabula haina tumbo. Yenye inakula makala ni upepo. Ukifungulia upepo mulango mukubwa, usiulize tena nani amekula."

"Sasa unasikiliza nini, Papa?"

"Mbabula muzuri inanong'ona. Ikiimba, iko na njaa. Usiiuzishe."

Na zile alizozisikia zikiimba hakuziuza kweli. Alizivunja akazianza upya, huku mteja amesimama pale na hasira. Wateja walilalamika kwamba mbabula ya Kalonda ni ya watu wenye subira, maji yake yanachemka mtu ameshasahau alitaka kuoga. Yeye aliwajibu kwa kukohoa.

Alipofariki, niliurithi ule msumari. Nikautia ndani ya kopo, nikaliweka kopo juu ya ukuta, nikanunua patasi.

Patasi ilinipa nyota. Nilikata nyota kubwa kuzunguka tumbo lote la mbabula, na kitako nikakitoboa matundu ya kupita kidole gumba. Ukiwasha, moto unaonekana kupitia nyota zile, ua wote unapendeza. Halafu ile kasi! Maji yalichemka kabla wageni hawajamaliza kusalimiana. Wanawake wa Kasongo waliniita fundi wa nyota. Wafanyabiashara walizifunga mbabula zangu kwenye baiskeli wakazipeleka Lusangi, wakazipeleka Salamabila kwa wachimba dhahabu, kwa sababu mtu aliyetoka shimoni na njaa hataki mbabula inayonong'ona. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa, nikaongeza matundu.

Hata hivyo mtu mmoja nyumbani kwangu mwenyewe hakupikia mbabula ya nyota, naye ni mke wangu Salima. Alikuwa na ile nzee ya Kalonda, nyeusi, imepinda sikio moja, na hakuiacha. Nilimletea ya nyota, akaishukuru, akaigeuza juu chini akawa anaikalia akichambua mchele. Sikumuuliza kwa nini. Fundi anayesifiwa hana muda wa kuuliza mkewe maswali.

Haya, sasa Mwavita.

Mwavita alikuwa binti wa upande wa Kabambare, Mbangubangu kwa kabila, mama yake mfinyanzi wa vyungu. Aliolewa hapa Kasongo na Assumani, kijana wa mafuta ya mawese, anayesukuma baiskeli yenye madumu hadi inaonekana inatembea peke yake. Siku ya ndoa yao Assumani aliniagizia mbabula ya zawadi. Nikamkatia nyota nyingi kuliko zote nilizowahi kukata, maana nilimpenda yule kijana. Ilikuwa nzuri, na ninyi mngeipiga picha.

Walikaa ua mmoja na mama yake Assumani, Mama Zaina, mjane, mwanamke safi, mwenye kuswali kwa wakati na kuhesabu vijiko. Mama Zaina alikuwa na mbabula yake ya zamani, kazi ya Mzee Kalonda. Mwavita akawa anapikia hii ya nyota. Haukupita muda Mama Zaina akaona kitu: gunia lake lilikuwa likidumu mwezi, gunia la mkwewe linaisha nusu mwezi. Sufuria ni zilezile. Makala ni yaleyale. Kilicho tofauti ni nini? Alitazama, akaona tofauti ni mtu.

"Iko na mukono yenye inakula," alianza kusema kisimani. Na neno la kisimani halirudi ndani ya ndoo. Wakasema mtoto wa kike akizaliwa na mkono ule, kila anachokigusa kinaisha: makala, mafuta, chumvi, na mwisho wake mume. Kisha wakakumbuka Mwavita ana wadogo zake wawili wa kike kule kwao, bado hawajaolewa. Wakaanza kusema ni mkono wa ukoo.

Basi Mama Zaina aliita kikao, Ijumaa baada ya swala. Baba mkubwa wa Mwavita alitoka Kabambare, maana kama binti anarudishwa lazima apokelewe na mtu wa kwao. Nami niliitwa kama mtaalamu, fundi wa nyota, nije nithibitishe kwamba nyumba haina kasoro nyingine, ili kusiwe na lawama. Mnaelewa? Niliitwa niifunge ile kesi kwa kufuli.

Nilifika nimevaa kanzu. Mama Zaina alikuwa amechinja jogoo. Tulikula wanaume pamoja, mimi, Assumani na yule mzee wa Kabambare, na firigisi ikawekwa mbele yangu. Mnajua firigisi anawekewa nani: mgeni wa heshima. Assumani hakula. Aliibonyeza ile bugali kwa vidole hadi ikapoa, hakuinua macho. Mimi nilikula yote.

Kisha nikapelekwa jikoni. Mwavita alikuwa amechuchumaa anapepea, akasimama, akanipa mkono kwa adabu, akarudi nyuma. Nilikagua kama nilivyozoea: nikatazama mlango unaelekea wapi, nikashika makala kama yana unyevu, nikagonga ukuta, ingawa sijui hata leo ukuta unagongwa kwa sababu gani. Nyuma yangu Mama Zaina alikuwa akiniambia, "Makala iko kavu, Fundi. Upepo hauingiaki huku. Wewe mwenyewe angalia."

Hapo katikati ya maneno yake nikaisikia.

Mbabula yangu ilikuwa inaimba. Sauti nyembamba, ya kuvuta, kama mtu anayekunywa chai ya moto kwa pupa. Na kule pembeni, chini ya maji ya kuogea ya Mama Zaina, mbabula ya Mzee Kalonda ilikuwa inanong'ona. Vijana, nimewahi kuangukiwa na pipa mguuni, lakini sikuumia kama nilivyoumia pale. Mara moja nilimwona mwalimu na dari yake ya matete, nikamwona Mama Feza na jirani yake. Nilizijua nyumba zote, mtaa kwa mtaa, hadi Salamabila.

Na nikanyamaza. Nawaambia wazi: nilinyamaza. Niliona nikisema, kesho hakuna atakayenunua hata masizi kwangu. Nilirudi uani, nikakaa, nikakohoa kama Mzee Kalonda, nikasema, "Nyumba zingine ni nguvu, ni ngumu kuzijua."

Mama Zaina alilichukua neno hilo kuwa ndiyo. Akamgeukia mzee wa Kabambare. "Baba, umesikia. Nyumba haina mubaya. Mimi sina ugomvi na mutoto, iko na heshima, iko safi. Lakini mukono yake itamaliza mutoto wangu."

Ndipo Mwavita alipoomba ruhusa kusema. Alipiga magoti mbele ya baba yake mkubwa, akasema polepole, "Papa, kabla hamjakata maneno, naomba kitu kimoja. Mama apikie maharagi kwa mbabula yangu. Mimi nipikie kwa yake. Makala tupimiane kopo kwa kopo. Kama ni mukono, tutauona."

Mzee wa Kabambare alicheka kidogo, akasema hilo ni neno la mtu mwenye akili. Mama Zaina hakuweza kukataa mbele ya wageni. Wakapimiana makala, wakapimiana maharagi, wakawasha. Tulikaa pale mchana ule hadi alasiri tukitazama sufuria mbili, na sijawahi kuona maharagi yakitazamwa na watu wazima wengi kiasi kile, kwa sababu na majirani walikuwa wamekuja kuazima vitu wasivyovihitaji.

Kopo la kwanza la Mama Zaina likaisha. Akaongeza la pili. La pili likaisha maharagi yanagongana kama kokoto. Akatia la tatu, jasho linamtoka. Upande wa pili Mwavita alitia kopo moja na kiganja juu yake, akafunika sufuria, akarudisha mlango wa majivu karibu na kufunga, akakaa. Wakati wa alasiri alibonyeza haragi moja kati ya vidole, likapondeka.

Nikashusha pumzi. Nikajiambia, Alhamdulillahi, imekwisha, wala sikuhitaji kusema kitu.

Mama Zaina aliitazama mbabula ya nyota muda mrefu, halafu akasema kwa sauti ya mtu aliyeelewa, "Munaona sasa? Mukono yake imekwisha kuingia ndani ya mbabula."

Na watu wakaitikia. Wallahi, waliitikia. Yule mama aliyekuja kuazima kinu alisema hata yeye alifikiri hivyo. Mzee wa Kabambare aliitafuta kofia yake. Assumani alitazama chini. Mnajua, vijana, mtu akiwa ameshamkamata mkosaji wake, ukimletea ushahidi anautia gunia moja na mkosaji.

Mwavita hakulia. Alisimama kwenda kukunja vikwembe vyake, nguo zake, aondoke. Lakini kabla ya kuingia ndani aliinama kwenye mbabula ya mama mkwe wake, akashusha sufuria, akachukua kibao, akayafunika yale makala yaliyobaki kwa majivu, taratibu, moja moja, yasije yakaungua bure. Anafukuzwa kwa sababu ya kumaliza makala ya watu, naye anayatunza makala ya wanaomfukuza. Hakuwa anamwonyesha mtu. Ndivyo mama yake alivyomlea.

Firigisi ikanipanda kooni. Nilisimama.

"Mama Zaina," nilisema, "mukono yenye inakula makala iko hii." Nikaunyoosha wangu. "Mimi ndiye nilitoboa ile mbabula. Matundu ni makubwa, upepo unaingia mingi, unaunguza makala bure. Hata ukimwita malaika apikie pale, gunia itaisha nusu mwezi. Mutoto hana kosa. Na siyo hii moja. Zote za nyota ziko vile."

Hata wale waliokuja kuazima waliweka vitu chini.

"Fundi," alisema Mama Zaina. "Ulijua wakati gani?"

"Leo. Wakati niliingia jikoni."

"Mbele ya kikao, kabla hatujaongea?"

"Mbele ya kikao, Mama."

"Na kuku?"

"Kuku nilikuwa nimekwisha kula."

"Na firigisi?"

"Na yenyewe."

Mzee wa Kabambare alianza kucheka, akajizuia, akashindwa, akafunika uso kwa kofia yake. Mama Zaina hakucheka. Hakumwomba Mwavita msamaha pia, hakuwa mtu wa namna hiyo. Ila alisema, "Mwavita, acha vile vikwembe. Maharagi yako imeiva, gawia wageni. Na kuanzia leo utapikia mbabula yangu. Hii ya nyota Fundi ataibeba mwenyewe, kwa kichwa, apite nayo sokoni." Assumani alisimama akaenda kumpokea mkewe sufuria mikononi, mbele ya watu wote, jambo ambalo kijana wa siku zile hakulifanya.

Niliibeba. Kwa kichwa. Nikapita nayo sokoni.

Jumamosi asubuhi nilipofungua karakana, foleni ya wanawake wenye mbabula za nyota vichwani ilikuwa imefika hadi kwa wauza mihogo. Mama Feza alikuwepo, na nyuma yake alisimama jirani yake, na walikuwa wakisemezana, wakinisema mimi. Mwalimu alituma neno akiuliza kama anaweza kuitoa dari. Nilimjibu aitoe haraka.

Aliyeniokoa ni Mwavita. Alikuja na mumewe na karai la udongo, akaniambia, "Papa Fundi, usizivunje. Kwetu chungu ikipasuka tunaiponya." Akanifundisha: udongo wa kichuguu, uliopondwa na kuchujwa, uchanganywe na maganda ya mpunga yaliyochomwa. Unapaka tumbo la mbabula kwa ndani, unene wa vidole viwili, unaziba nyota zote. Unaianika kivulini siku kadhaa, usiiharakishe juani itapasuka, kisha moto wa kwanza uwe mdogo. Kitako nilikibadilisha kwa bati jipya, nikaushusha ule msumari wa Mzee Kalonda kutoka ukutani. Udongo ulilishika joto hata makala yakiwa machache. Mbabula zile zikawa bora kuliko za Kalonda mwenyewe, na yeye angekohoa kwa furaha. Nusu ya jina langu katika kazi hii ni ya binti yule, na nimelisema hilo popote.

Nyumbani nilimuuliza Salima kwa nini hakuwahi kuniambia, yeye aliyejua tangu mwanzo. Alisema, "Ulikuwa na furaha sana. Na wewe hukuniuliza."

Ningeweza kuishia hapo, lakini sababu ya kuyaandika haya ni jambo la juzi.

Mwavita sasa ni bibi mwenye wajukuu. Assumani yupo, baiskeli ameiacha. Mtoto wao Juma ameoa msichana anayeitwa Riziki, na uani kwao kuna paneli, betri na ampuli nne za taa, kazi ya kijana mmoja fundi wa jua, jina lake Heri, kijana mzuri, mwepesi wa mikono. Mwavita alituma niitwe. Nilimkuta amekaa, uso umekunjamana.

"Papa Fundi, batri yetu inachoka mapema," alisema. "Tumeitoa juu ya simenti, tumeiweka kwa ubao, maana wanasema simenti inanyonya. Hakuna kitu. Mimi ninajua. Iko Riziki. Anachaji simu za rafiki zake. Akigusa ile batri, inakufa."

Riziki alikuwa anapeta mchele kule pembeni. Hakuinua kichwa. Mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Heri alikuwa pale pia, ameitwa kukagua. Alishika kidevu. "Iko kweli, Mama," alisema. "Simu za watu wa inje zinavuta sana."

Mimi umeme siujui. Lakini sikio na vidole bado ninavyo. Niliufuata waya kutoka kwenye paneli hadi kwenye betri. Ulikuwa mwembamba, mrefu kuzunguka nyumba nzima, na umeungwa mara tatu kwa kusokotwa. Niligusa maungio. Yalikuwa ya moto. Nikamtazama Heri, naye akatazama vidole vyangu, kisha akatazama pembeni. Vijana, uso ule niliufahamu. Niliwahi kuuvaa, na kanzu juu yake.

Harufu ya kuku ilikuwa inatoka jikoni.

"Heri," nilimuuliza, "wamekupikia kuku?"

"Ndiyo, Papa."

"Umekwisha kula?"

"Bado. Iko kwa moto."

"Basi uko na bahati kuliko mimi. Sema mbele haijaiva, kabla hujakula."

Mwavita aliinua kichwa ghafla. Alinitazama, akamtazama Heri, kisha akamgeukia Riziki na ungo wake, akamtazama muda mrefu kama mtu anayejiona kwenye maji. Heri aliugusa ule waya.

"Iko waya, Mama," alisema. "Niliweka mudogo sana, na nilizunguusha mbali. Moto ya jua inapotea njiani. Dada hana kosa. Kesho nitaleta mukubwa, nitapitisha karibu."

Mwavita aliinuka, akaingia jikoni, akakawia. Alipotoka alikuwa na sahani mkononi, na juu ya bugali kulikuwa na firigisi. Heri alijiweka sawa kuipokea, kwa maana ni yeye mgeni wa kazi. Mimi pia nilijiweka sawa, kwa maana ni mimi mzee. Mwavita alitupita sote wawili, akapiga magoti kwenye mkeka, akauondoa ule ungo mapajani mwa Riziki na kuiweka sahani mahali pake.

"Kula, mama yangu," alimwambia. "Na zile simu za rafiki zako, uzilete."